Shavu la Kushoto

Kiharusi kilimkuta Fundi juu ya ngazi, akiunga nyaya za taa kwenye ukumbi wa shule, na kama mlinzi asingekuwa karibu kumdaka, leo tungekuwa tunasimulia mazishi. Alipotoka hospitali, upande wake wa kushoto ulikuwa umelala: mkono, mguu na nusu ya uso kuanzia chini ya jicho. Kusema alisema, ila maneno yalitoka yamelegea, kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Picha kwa ajili ya studio yake ya kupiga picha, aliifunga studio siku hiyo hiyo bila kumwomba mtu ushauri. Mume ni wake, na ugonjwa akauhesabu kuwa wake.

Alimuuguza, tusimnyime haki yake. Alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kitandani asipate vidonda, alimshika kiuno wakitembea kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi. Majirani wakasema wanawake wa namna hii siku hizi hawapo. Sifa hizo hakuzisikia sana. Alichosikia ni mgongo, uliokuwa unamuuma tangu asubuhi mpaka anapolala.

Kilichomsumbua zaidi ni uso wa mumewe. Nyuso ndizo kazi yake. Alikuwa amezeeka akiwaambia watu watabasamu mbele ya kamera, na cheko la kulazimisha alilijua kabla halijafika mdomoni: meno yanatoka, macho yanabaki yanasubiri kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa wateja wa namna hiyo alikuwa na ujanja wake. Anahesabu moja, mbili, halafu badala ya tatu anapiga chafya moja ya uongo, kubwa, ya kutikisa kamera. Mteja anashtuka, anacheka, na yeye keshabonyeza. Hakuna aliyewahi kuishinda ile chafya.

Basi kila asubuhi Fundi alimsalimu kwa cheko la upande mmoja. Kona ya kulia ya mdomo ilipanda, ya kushoto ikabaki imening'inia palepale. "Umeamkaje, mama watoto?" Naye alilipokea hilo nusu cheko kwa shukrani, akijua nusu ya pili imechukuliwa na ugonjwa. Nani angemlaumu mgonjwa?

Jumamosi moja mchana akaja mdogo wake. Huyu alikuwa msusi, na jina la Kidosho alipewa na marehemu mama yao kwa uzuri wake. Mama yao alipofariki, Kidosho alikuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Mama Picha akamchukua, akamlea, akamtafutia mahali pa kujifunza ususi, akaishi naye nyumba moja na Fundi mpaka alipopata chumba chake. Kwa maneno mengine, alikuwa mdogo wake na mtoto wake wa kwanza.

"Hodi wenyewe!" Kidosho aliita kutoka koridoni, hata hajaingia.

Mama Picha alikuwa anakunja shuka miguuni pa kitanda, akimtazama mumewe. Akaona shavu la kushoto linapanda. Lilipanda lenyewe, sawasawa na la kulia, na macho yakaingia katika sherehe. Uso mzima ulicheka, kama zamani.

"Uwiii!" Shuka ilimponyoka. "Kidosho, njoo mbio! Shemeji yako anapona!"

Wakaleta kioo. "Cheka tena, baba, cheka tukuone." Fundi akacheka. Ulipanda upande wa kulia tu. Wakamwomba tena, wakambembeleza, lakini shavu lilikuwa limeshagoma. Hata hivyo Mama Picha alimkumbatia mdogo wake hadi akamwinua juu. "Una mguu wa heri wewe. Usikae sana bila kuja." Kidosho akasema shughuli ni nyingi saluni, akaangalia viatu vyake. Dada hakuliona hilo. Furaha ilikuwa imemvisha miwani ya mbao.

Jumatatu alipokuja Bwana Mazoezi, mtaalamu wa viungo aliyetumwa na hospitali, habari ilimtoka Mama Picha kabla mgeni hajavua koti. Yule bwana alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu.

"Pole, mama. Huko bado si kupona." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Sikiliza. Ukimwambia acheke, amri inatoka sehemu ya juu ya ubongo, upande wa kulia. Inapokezanwa na seli za neva, inashuka, inavuka, inafika kwenye misuli ya shavu la kushoto. Njia hiyo ndiyo kiharusi kilichoiharibu. Lakini kuna cheko lisilosubiri amri. Mtu akifurahi, linaanzia ndani zaidi, kwenye sehemu zinazoshughulika na hisia, na linashuka kwa njia yake lenyewe. Njia hiyo kwake imesalimika."

"Taa moja," Fundi alisema polepole, "swichi mbili."

"Umesema kweli, Fundi. Swichi ya mkononi imeungua. Ile nyingine haina pa kushika. Inajiwasha, na inajizima."

"Kwa hiyo akicheka pande zote," Mama Picha akauliza, "hiyo ni furaha ya kweli?"

"Ya kweli kabisa. Haiigiziki hiyo."

"Na akicheka upande mmoja?"

"Hapo amejitahidi." Bwana Mazoezi alisema hivyo kwa wema, maana kwake kujitahidi ni sifa. "Mchekesheni sana. Dawa nzuri." Kisha akaanza kumnyoosha mgonjwa vidole, akamtania habari za mbwa wake aliyemkimbiza yeye mwenyewe hadi posta badala ya kumlinda, na Fundi akacheka. Pande zote.

Hilo ndilo lililomtoa Mama Picha usingizini. Mbwa wa watu, ambaye Fundi hamjui hata rangi, amepata shavu la kushoto.

Akaanza kumchekesha. Alimsimulia habari za bwana harusi aliyezimia studio kwa joto la suti, za bibi aliyekataa kupigwa picha mpaka ajue hiyo kamera ni ya ukoo gani. Alitia chumvi, alizunguka chumba akiigiza sauti. Siku moja akasimama miguuni pa kitanda, akahesabu moja, mbili, akapiga ile chafya, kubwa kuliko zote alizowahi kupiga.

"Ha ha! Utanivunja mbavu, mke wangu," Fundi alisema. Kulia kulipanda. Kushoto hakukutikisika.

Amejitahidi. Neno hilo halikumtoka akilini. Aliambiwa na wenzake kwamba mgonjwa hana furaha, amvumilie. Lakini furaha ilikuwepo! Redio ikileta wachekeshaji, shavu linapanda. Paka wa jirani akiteleza ukutani, linapanda. Ni yeye tu, anayemvua na kumvisha, anayepewa cheko la kujitahidi. Akaanza kurudi nyuma katika ndoa yake, akikumbuka vicheko vya mezani, vya safarini, vya kitandani, asijue sasa kipi kilikuwa cha kweli na kipi Fundi alikiwasha kwa mkono. Wakati ule swichi zote zilikuwa nzima, na yeye, mjuzi wa nyuso za watu, hakuwahi kumkagua mume wake. Roho ilimuuma vibaya. Alijiona zuzu.

Kidosho alipokuja mara ya pili, akaita "hodi wenyewe" vilevile, Fundi aligeuka ukutani na kukohoa. Alikohoa mpaka Kidosho akaingia, akasalimia, akakaa. Alipougeuza uso, ulikuwa wa mgonjwa, umetulia.

Hakukuwa na kikohozi nyumba ile kabla ya hapo wala baada ya hapo. Mama Picha aliwaangalia. Fundi anamtazama mkewe, Kidosho anamtazama dada yake, na kati yao wawili hakuna anayemtazama mwenzake. Mashemeji hawa waliokuwa wakitaniana hadi chai inapoa! Angeweza kuuliza palepale, lakini kuuliza kungempatia maneno, na maneno ya Fundi yalipita njia ile ile ya cheko la kulia. Alitaka jibu la shavu.

Akasubiri Jumamosi, siku ya kumnyoa.

Alimkalisha kwenye kiti mbele ya dirisha, taulo shingoni, akampaka povu uso mzima. Kulia alinyoa kwanza. Upande huo Fundi alikuwa anausikia wembe, akasaidia kwa kuuvuta mdomo. Kushoto hakusikia kitu. Maji ya moto, kidole, wembe, vyote vilikuwa kimoja, kwa sababu habari za shavu lile hazikuwa na njia ya kufika alikozoea kuzipokea. Mama Picha akasuuza wembe, akamshika kidevu kwa mkono wa kushoto, akakishika sawasawa ili uso usiwe na pa kukimbilia.

"Kidosho ameaga," alisema. "Amepata saluni mbali huko. Kesho anahama."

Paji la uso la Fundi likakunjamana. "Mbona hajaniambia?"

"Akuambie wewe kwa nini?"

"Hajatuambia, nina maana. Sisi sote." Akameza mate. "Basi vizuri. Mungu amsaidie."

Mama Picha akaupangusa wembe kwenye taulo. Nje mtu alikuwa anafagia. Kisha akacheka kidogo, cheko la mteja wa picha ya pasipoti.

"Nakutania, bwana. Haendi popote. Yuko njiani, anakuja kukuona."

Povu likapanda. Upande wa kushoto, ule uliolala tangu siku ya ngazi, ulijikunja, ukainuka, mdomo ukafunguka pembeni na povu likaingia menoni. Fundi alijua shavu limemsaliti, maana aliliona hilo machoni mwa mkewe. Akapambana. Nusu ya kulia ilimtii palepale: ikashuka, ikawa ya mtu mzima mwenye heshima zake. Ile ya kushoto haikuwa na wa kuiamuru. Ikaendelea kucheka peke yake, na mzee wa watu akainua mkono wake mzima, akaifunika.

Akabaki hivyo, kiganja shavuni, povu likimchirizika kwenye vidole.

"Ilianza lini?"

"Mke wangu..."

"Nimekuuliza kitu."

"Ilikwisha." Sauti ilitoka nyuma ya mkono. "Ilikwisha zamani. Kabla hata sijaumwa. Alisema tuache, tukaacha."

"Yeye ndiye aliyesema?"

Fundi aliinamisha kichwa, na jibu hilo lilitosha.

Mama Picha alisimama na wembe mkononi. Alihisi damu inampanda kichwani, moyo unamwenda mbio, na aliona ajabu jinsi mwili wake mzima ulivyokuwa unapata habari kwa wakati mmoja. Zamani, maana yake walikuwa wote nyumba hii. Alikuwa akirudi kutoka studio anawakuta wamekaa sebuleni, Kidosho anamwambia, "Pole na kazi, dada, chakula kipo mezani," naye anamshukuru Mungu kwa kumpa mdogo mwenye adabu. Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, yeye akajiona anang'aa. Mume angeweza kumsamehe, au kumwacha. Waume wapo. Lakini yule mtoto ni yeye aliyemsuka nywele, akamfunga tai ya shule, akamlaza kifuani usiku wa msiba wa mama yao. Hakujua mtu anamsamehe vipi mtoto kama huyo, na hakutaka kujifunza.

"Nisamehe," Fundi alisema. Akautoa mkono shavuni, akamtazama, akajaribu kumtabasamia. Upande wa kulia ulipanda.

"Usijitahidi," mkewe alimwambia.

"Hodi wenyewe!"

Mama Picha hakugeuka kuuangalia uso wa mumewe. Hakuwa na haja. Aliangalia mlangoni, ambako Kidosho aliingia na mfuko wa machungwa, akasimama, akaona mwanamume aliyenyolewa nusu, dada yake, na wembe. Mfuko ukamshuka mkononi taratibu mpaka sakafuni.

"Dada. Mbona hamjamaliza?"

Mama Picha akamwendea. Akaushika mkono wa mdogo wake, akamkunjua vidole, akauweka wembe kiganjani upande wa mpini, kwa uangalifu, kama alivyokuwa akimpa vitu vyenye makali alipokuwa mdogo.

"Upande wa kulia ulikuwa wangu, nimeumaliza. Wa kushoto ni wako. Hausikii, ukimkata hatajua, kwa hiyo uwe unaangalia damu."

Akavua kanga ya kazi, akavaa viatu, akatoka.