Meza Ngapi

Meza mbili. Ndiyo ahadi aliyompa mkewe Concy siku walipotoka kliniki ya Kawempe, na Khaemba hakuwa mtu wa kauli mbili. Tangu duka la vipuri alikoajiriwa lifungwe, alicheza poka mtandaoni kwa kompyuta kuukuu, chumbani kwao Bwaise. Meza moja ilimtia usingizi. Mbili zilimwachia sikio la kumsikia mgonjwa. Nne zilimtoa duniani kabisa, macho yakiruka kutoka karata hizi hadi zile, asisikie hata mvua juu ya bati. Lakini nne ndizo zilizolipa.

"Mbili ni za mababu, bwana," Byron, Mkenya mwenzake aliyemfundisha mchezo, alimchokoza kwa simu Jumapili ile mchana. "Ama umeanza kuogopa?"

Khaemba hakuweza kuvumilia kuitwa mwoga. Akafungua ya tatu. Akafungua ya nne.

Nyuma ya pazia Concy alikuwa amelala, presha imemwandama mwezi mzima. Kule kliniki alishikwa na kizunguzungu, kwa hiyo maelezo ya dawa alipewa mumewe: kidonge kimoja kwa siku, kisizidi. Kisha, kabla Concy hajaanza dawa, mafuriko yakaingia chumbani, bahasha ya dawa ikalowa, maandishi yakafutika. Haidhuru, Khaemba alisema, ninayo kichwani.

Concy alikuwa Muacholi, mumewe Mbukusu, na lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Cha Concy kilikuwa cha Kampala. Vitenzi alivikata vichwa. "Mimi pika, wewe osha," angesema, na Khaemba angecheka. Hakumsahihisha hata mara moja. Aliipenda namna ile.

"Khaemba," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Meza ngapi?"

Uso ukamwaka moto. Kumbe anasikia vidole vinavyokimbia. Neno "mbili" lilikuwa tayari ulimini. Lakini kumdanganya mke mgonjwa kwa sababu ya karata? Hilo lilimshinda.

"Nne," akajibu bila kugeuka. "Leo tu. Usinikasirikie."

"Nne? Iko mingi."

"Najua ni nyingi. Vumilia."

"Haya. Wewe ndiyo najua."

Akasikia maji yakimiminwa kikombeni. Kwenye meza ya tatu akapata malkia wawili, akasahau pazia.

Alipofunga kompyuta baada ya saa nzima na kwenda kumwambia kwamba ameshinda, Concy hakuitika. Jasho lake lilikuwa baridi. Kando ya kikombe palikuwa na pakiti iliyopasuliwa, vidonge vinne havimo. Hapo ndipo Khaemba aliposikia upya lile swali. Hakuulizwa habari za karata. Mkewe alitaka kujua ameze ngapi.

Alimbeba mgongoni, akakata maji ya mtaro hadi barabarani, wakapanda boda hadi hospitali.

"Nani alimwambia vinne?" daktari aliuliza kwa Kiingereza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Khaemba alijieleza kwa Kiingereza, akashindwa, akajaribu Kiganda chake cha sokoni. Katika lugha zote mbili, meza na kumeza havikukutana popote. Kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Alisema pia kwamba kama angedanganya, angesema mbili, na je, vidonge viwili vingemfikisha hapa? Daktari akasema huenda visingemdhuru sana, akaandika kitu na kufunga faili.

Concy alikata roho siku ya tatu, adhuhuri, bila kufumbua macho.

Nesi alikuja na shuka. Alimkuta Khaemba amepiga magoti kando ya kitanda, mdomo karibu na sikio la mkewe, akimweleza neno kwa neno alichosikia na alichodhani amesikia, na kwamba hakuwa amemdanganya. Alieleza polepole, akarudia. Nesi hakujua Kiswahili. Akadhani anaomba, akainamisha kichwa, akasubiri amalize.