Mzee wa Gulwe Hajibu

Mume wangu Optatus alipofariki, watu aliowakusanya mwenyewe mtandaoni walimtukana. Naandika haya nisije nikayazoea na kuyasahau.

Jukwaa lake aliliita Kijiwe cha Kati. Alilianzisha kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Chang'ombe ya Dodoma, kwa kompyuta ileile aliyotumia kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Alitaka wakulima na wafugaji wa Dodoma wawe na mahali pa kuulizana mambo yao: mizabibu, alizeti, mbuzi, dawa za kuogeshea mifugo. Siku za mwanzo hakuja mtu. Optatus alikuwa anafungua, anatazama, anafunga.

"Evodia," akaniambia, "mgahawa usio na mteja hata mmoja, wewe ungeingia?"

"Nisingeingia."

"Basi kaa meza ile pale, uagize chai."

Ndivyo nilivyojisajili. Niliuliza kwa nini alizeti yangu inatoa mbegu tupu. Alinijibu, lakini si kwa jina lake la msimamizi. Alifungua akaunti nyingine na kuiita Mzee wa Gulwe. Gulwe ndiko alikokulia, kando ya reli, akichunga mbuzi wa babu yake. Huyo Mzee alimwita kila mtu mwanangu, hakuwa na haraka, na kila akimaliza kujibu aliandika: "Ngoja nikatazame mbuzi."

Watu walikuja kwa sababu ya Mzee. Mtu mmoja wa Kongwa aliuliza juu ya mbuzi wake aliyevimba tumbo. Mzee akamwambia amnyweshe mafuta ya kula, amtembeze, asimwache alale. Kesho yake yule mtu akaandika kwamba mbuzi amesimama na anakula. Mtu huyo aliitwa Wambura. Akaleta wenzake, wenzake wakaleta wenzao, mpaka Optatus akashindwa kuwajua kwa majina.

Walipokuwa wengi, wakaja na matusi. Wakaja na matangazo ya dawa za uongo, na ugomvi wa wenye mashamba na wenye mifugo. Kwenye kiti cha msimamizi Optatus hakuwa na simile. Alifuta, alifunga mada, alifungia watu. Wakambandika jina la Mkoloni. Wambura alifungiwa mwezi mzima kwa kumwita mwenzake mwizi wa ng'ombe. Mzee wa Gulwe akaandika mbele za watu: "Msimamizi, mwachie huyo kijana, ana hasira tu." Msimamizi akamjibu: "Na wewe Mzee ukiendelea nitakufungia." Kijiwe kizima kikamshangilia Mzee. Optatus, aliyeandika yote mawili, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Unajitukanisha bure," nikamwambia.

"Waache. Wakiwa na wa kumsema na wa kuwatetea, hawaondoki."

Hawakuondoka. Aliyeondoka ni yeye. Presha ilimwangusha asubuhi akivaa viatu.

Baada ya mazishi niliandika tanzia kwenye Kijiwe. Nilidhani watasema pole. Wachache walisema. Wengine waliandika hivi:

"Mkoloni karudi kwao."

"Na huko aendako wamfungie mwezi mzima."

Wambura akaandika: "Mimi sisemi uongo kwa sababu mtu kafa. Kijiwe kimepona."

Arafa, mwenye duka la pembejeo, akamwambia, "Wambura, mjane anasoma."

Akajibu, "Asome."

Nilisoma. Nilisoma yote.

Kisha maneno yakahama. Mzee wa Gulwe yuko wapi? Mbona hajibu? Mmoja mbuzi wake wanakohoa, mwingine mizabibu yake inaota ukungu. "Mzee wetu, hata neno moja tu tujue u mzima." Haohao waliomzomea mume wangu walikuwa wanamlilia mume wangu. Ningeweza kufungua akaunti ya Mzee nikawajibu, wakafurahi, wakaendelea kumtukana Optatus. Sikutaka. Nilitaka kitu kimoja tu: wamlilie kwa jina lake.

Wambura akapanda gari akaenda Gulwe kumtafuta. Aliporudi akaandika: "Nimeuliza stesheni, nimeuliza sokoni. Hakuna anayemjua. Sina amani. Mwenye habari zake aseme."

Nikasema. Niliandika: "Mzee wa Gulwe alikuwa Optatus. Ni mtu mmoja. Mliyefurahi kwamba kafa ndiye mnayemtafuta."

Hawakuniamini hata kidogo. "Mama, usituibie Mzee wetu ili Mkoloni wako apate rambirambi." Mwingine akasema nina njaa ya huruma. Wambura akaandika: "Nakuja Chang'ombe. Utaniambia tukitazamana."

Alikuja kweli, mchana, akiulizia duka kwa duka mpaka mlangoni kwangu. Alikuwa mtu mrefu, vumbi la njiani limemjaa mpaka kwenye kope. Hakusalimu, nami sikumkaribisha ndani.

"Wewe ndiye Evodia?"

"Na wewe ndiye uliyesema Kijiwe kimepona."

"Ndiye mimi. Sasa niambie kwa nini unatudanganya."

Nilichukua simu ya Optatus, nikafungua akaunti ya Mzee, nikaandika nikiwa nimesimama mbele yake. Simu yake ikalia mfukoni. Akaitoa, akasoma: "Mwanangu, yule mbuzi uliyemnywesha mafuta alizaa?"



"Alizaa," akasema, akiiambia simu, si mimi. Kisha akanikazia macho. "Usiandike tena kwa jina hilo. Umesikia? Usithubutu."

"Siandiki tena. Na wewe futa ulichoandika juu ya mume wangu."

"Sifuti. Nilikimaanisha. Alinifungia mwezi mzima bila kunisikiliza. Beberu wangu akaugua ndani ya mwezi huohuo. Namwona Mzee anawajibu wengine, na mimi siwezi kumuuliza. Beberu akafa."

Hilo sikulijua. Nadhani hata Optatus hakulijua. Sikumpa pole. Yeye naye hakuwa amenipa.

Tulisimama hivyo, mlango katikati yetu. Jirani alipita na ndoo akatutazama, akaongeza mwendo.

"Kaburi liko wapi?" akauliza.

"La nani?"

"La Mzee."

"Mzee hana kaburi."

"Dada, usinichezee."

"Sikuchezei. Ukimtaka Mzee, rudi Gulwe ukaulize tena. Hapa nina kaburi moja, na lina jina."

Akageuka kama anayeondoka. Akafika barabarani, akasimama, akiwa amenipa mgongo. Nikasikia anasema, kama mtu anayetema kitu kichungu:

"Haya. La Optatus."

Nikachukua mfuko wangu, nikajitupia kanga, nikatangulia.

Makaburini alisoma jina kwenye msalaba, akalisoma tena. Hakupiga ishara ya msalaba wala hakufunga macho.

"Ulinifungia, bwana," akaliambia kaburi. "Halafu ukanitetea. Sasa mimi nifanyeje?"

Akachuchumaa. Mbigili zilikuwa zimeanza kutambaa upande wa miguuni, akaanza kuzing'oa kwa mikono mitupu. Zilimchoma, nilimwona akinyonya kidole, akitema, akiendelea. Kwenye mfuko nilikuwa na kijembe cha kupalilia ninachokuja nacho hapo kila Jumapili.

Sikukitoa.