Wiki Sita Bila Sauti

Daktari wa Songea alimwambia Mwalimu Raimundi asiseme neno kwa wiki sita. Hata kunong'ona asinong'one. Nyuzi za sauti zilikuwa zimeota vinundu, na akiendelea kuzilazimisha huenda asiimbe tena. Raimundi alifungua kinywa abishe. Daktari akamnyooshea kidole. "Umeshaanza, mzee."

Alirudi nyumbani, kijijini Ruanda huko Mbinga, amevimba kwa hasira. Alikuwa amestaafu ualimu, lakini kwaya ya parokia hakuwa tayari kustaafu. Miaka ishirini na mbili ameiongoza yeye, na wiki tatu mbele walikuwa na safari ya Kihagara, kule ziwani, kuimba misa ya jubilei. Sauti ya tatu ilikuwa bado inapotea kwenye wimbo wa matoleo. Njiani watu walimwamkia "Shikamoo, Mwalimu," naye akabaki kutikisa kichwa kama kondoo, marahaba imemkwama kooni.

Akanunua daftari na kalamu. Kwa wengine daftari lilifanya kazi. Kwa mkewe Beata likawa balaa. Aliandika, "Chai imepoa." Beata akalitazama daftari, akaguna, akachukua kikapu akaenda kuchuma kahawa. Aliandika, "Koti langu liko wapi?" Akaletewa maji ya kuoga. Raimundi alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa hajawahi kuwa na haja ya kumwandikia mkewe; alikuwa akiita tu, naye anakuja. Sasa kumbe, aliwaza, nikinyamaza kidogo tu heshima yangu imekwisha.

Alhamisi alikwenda Mbinga kufuata dawa. Akaacha ujumbe mezani: "Bartholomayo akija, mwambie anisubiri. Asikodi gari kabla hatujaonana." Bartholomayo alikuwa msaidizi wake kwenye kwaya, kijana mwenye haraka. Alikuja, akapewa chai, akaaga, akaenda Kitai kukubaliana na mwenye Hiace, wakati wanakwaya walikuwa zaidi ya thelathini.

Raimundi alipozipata habari hizo alimfuata Beata kwenye vichanja alikokuwa akianika kahawa. Akaandika kwa herufi kubwa, kalamu ikatoboa karatasi: KWA NINI HUKUMWAMBIA? Akamsogezea daftari usoni.

Beata alilitazama kwa muda mrefu. "Maneno ya leo makubwa," alisema. "Yana hasira?"

Raimundi akagonga karatasi kwa kidole. Soma!

"Mwalimu," Beata alisema, mikono bado imo ndani ya kahawa, "mimi sijui kusoma."

Alitaka kucheka. Kila Jumapili Beata hushika kitabu cha nyimbo. Alipolalamika kwamba maandishi hayaonekani vizuri, si yeye Raimundi aliyemnunulia miwani?

"Nyimbo nimezishika kwa masikio," Beata alisema, kama aliyeyasikia mawazo yake. "Ukurasa nageuza jirani akigeuza. Baba alinitoa shule darasa la pili nikaanike dagaa wa usipa ufukweni. Ulipokuja kufundisha Kihagara ukaniona naimba na kitabu mkononi, ukadhani nasoma. Nikaona aibu kukwambia sivyo. Halafu miaka ikapita."

Akaendelea kugeuza kahawa yake.

Siku zile zilizofuata zilimtesa Raimundi kuliko koo. Alitaka kuomba radhi, na sauti hana. Alichobaki nacho ni maandishi, na maandishi ndiyo hasa yasiyofika. Alizunguka uani kama kuku aliyefungwa mguu. Alipokaa, kumbukumbu zikamjia bila kukaribishwa. Jumanne kwaya, Alhamisi kwaya, Jumamosi kwaya. Halmashauri ya walei. Kamati ya shule. Halafu ikamjia ile iliyomchoma kuliko zote: ule mwaka alipofundisha kisomo cha watu wazima kwenye ukumbi wa parokia. Akina mama arobaini walijua kusoma mkononi mwake, akapigiwa makofi. Beata ndiye aliyekuwa akiwapikia uji. Siku moja aliuliza mlangoni, kwa sauti ya mzaha, "Na mimi nije?" Naye akamjibu bila kuinua macho, "Sasa nani atapika?"

Alijikasirikia mpaka akakosa usingizi. Asubuhi alichukua kikapu akamfuata mkewe shambani. Alichuma vibaya, mbichi kwa mbivu, na Beata akazitoa zile mbichi moja moja bila kumsemesha. Kesho yake alikwenda tena.

Bartholomayo alikuja kumkuta huko huko shambani. "Basi la Kosta limepatikana, Mwalimu. Huna haja ya kuimba. Simama tu mbele utuongoze kwa mikono. Bila wewe tutaaibika."

Raimundi aliitamani safari ile kama mtu mwenye kiu. Akaandika, "Nenda wewe," akaubonyeza mkono wa kijana juu ya karatasi, asije yeye mwenyewe akabadili nia. Kwaya ikaenda ziwani. Ikarudi imesifiwa, na sifa zile zilimuuma wiki nzima.

Wiki ya sita daktari alimruhusu kusema, kidogo kidogo. Alimkuta Beata jikoni akichambua maharage.

"Mama Edmund," alisema. Sauti ilitoka imekwaruza, si yake. "Nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Siku ile ya kisomo. Niliposema nani atapika."

Mikono ya Beata ikasimama. "Kumbe unaikumbuka."

"Nimeikumbuka juzi tu."

"Mimi sijawahi kuisahau."

"Nitakufundisha. Tuanze leo hii."

"Hapana." Alisema taratibu, lakini hakukuwa na mlango katika neno lile. "Wewe utanipigia kelele. Nimeshaongea na Mwalimu Gertruda wa shuleni. Jumanne na Alhamisi, saa kumi."

"Hizo ni siku za kwaya!"

"Najua."

Ilimuuma. Mwalimu wa miaka thelathini na mitano, na mkewe mwenyewe anakwenda kwa mwingine! Alitoka nje, akasimama kwenye vichanja, akarudi. Jioni ile ile alimpelekea Bartholomayo madaftari ya nyimbo, yote, akaondoka kabla hajashukuriwa.

Jumanne Beata alifunga kitenge kipya, akaenda. Raimundi alibaki na kuni mbichi na sufuria ya ugali uliokataa kushikana. Kutoka kanisani zoezi lilisikika, na sauti ya tatu ilipotea palepale pa siku zote. Alisaga meno. Alipiga hatua tatu kuelekea barabarani, mwiko mkononi, akageuka.

Beata alirudi kiza kikiingia, amechoka, vidole vina wino. "Ba, be, bi," alisema akikaa. "Siku nzima ya kuchuma haiumizi mkono hivi."

Alikuwa ameishika kalamu vibaya, Raimundi aliona hata kwa alama za wino. Neno la kumsahihisha lilimjia mpaka kwenye ulimi. Akampakulia ugali wenye mabonge, akakaa kimya.