Chai ya Wifi kutoka Nebraska

Tangu siku Katibu Tian alipopita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba Wamarekani wanakuja kijijini Yanwan kuzungumza na wanakijiji, mtambo wa kufuma katika chumba cha nyuma cha Bibi Xiang Caiyun ulianza tena kugonga peke yake.

Taka-tum. Kimya. Taka-tum.

Mtambo wenyewe haukuwa na uzi hata mmoja. Kuku walikuwa wanatagia chini yake, na juu yake Caiyun alikuwa ameanika pilipili. Lakini kila jua lilipoelekea kuzama, ule ubao wa kubania nyuzi ulijipiga, na pilipili zikamwagika sakafuni.

"Tulia, shangazi," Caiyun alisema akiziokota. "Mumeo bado hajachukuliwa. Na ukinimwagia tena pilipili zangu, nitakupeleka mwenyewe."

Alisema kwa mzaha, lakini alitoka chumbani kinyumenyume.

Shangazi Sanmei alikufa kwa homa wakati wa vita, msichana mpenda viazi vitamu vya kuchoma, ambaye hajaposwa. Na msichana akifa hivyo hana pa kukaa. Madhabahu ya baba yake haimpokei, maana binti ni wa nyumba ya mume. Na mume hana. Basi Sanmei alirudi kwenye kitu alichokijua, mtambo wake, akawa anagonga humo ndani, mpaka baba yake Caiyun akawa analala zizini na ng'ombe.

Mwaka huohuo ndege ya Wamarekani iligonga mlima kwenye ukungu. Wanakijiji walimshusha kijana mmoja akiwa bado anahema, wakampa chai, na chai haijapoa akakata roho. Walimzika juu ya shamba la chai. Haikupita muda, mluzi ukaanza kusikika kwenye njia ya kisimani. Ulikuwa wimbo wa kigeni, unapanda halafu unakatika katikati, kama mtu aliyesahau mbele. Wanawake wakaacha kwenda kuteka maji. Wanaume wakaambiwa waende wao, na wao wakagundua ghafla kwamba hawana kiu.

Bibi yake Caiyun, mwanamke aliyeweza kumuuzia mchinjaji nguruwe kilema na bado akashukuriwa, ndiye aliyesema: "Huku tuna binti asiye na mume, kule tuna mwanamume asiye na mke, na wote wawili hawatulazi. Waozesheni."

Wakawaoza. Bibi arusi alikuwa wa karatasi. Bwana arusi aliwakilishwa na jogoo, kama desturi inavyotaka, na jogoo huyo alichafua meza ya mababu mbele ya wazee wote. Caiyun alikuwa mtoto wakati huo. Alicheka akachapwa, na mpaka leo akikumbuka anacheka. Mifupa ya wote wawili ilipokuwa tayari kufukuliwa, waliitia yote katika mtungi mmoja, wakauzika mlimani. Nyumba ikatulia, na mluzi ukakoma.

Kitu kimoja tu hakikukamilika. Siku ya arusi bibi arusi huwapa wakwe zake chai, na wakwe wakiinywa, ndipo anapokuwa wa kwao. Upande wa bwana arusi kiti kilikuwa kitupu. Chai ikamwagwa chini. Kila mwaka, siku ya kufagia makaburi, Caiyun aliimwaga tena mbele ya kiti kilekile, maana bibi yake alimwapisha akiwa kitandani mwa mauti: "Usiruhusu Sanmei aachwe peke yake tena."

Na sasa dada wa yule kijana alikuwa anakuja kumdai.

*

Mazungumzo yalifanyika katika ukumbi wa ukoo, mvua ikinyunya nje. Chama kilichowaleta wageni kilikuwa na utaratibu wake: watu wa huku na watu wa kule wakae uso kwa uso, kila mtu aulize analotaka, hakuna hotuba. Katibu Tian alitoa hotuba. Halafu maswali yakaanza. Wamarekani waliuliza kuhusu misitu na shule. Yanwan ikauliza mambo ya maana.

"Yule mrefu ana nguruwe wangapi?"

"Hana nguruwe," alitafsiri binti Pei, mkalimani kutoka wilayani. "Ni mwalimu."

"Maskini. Na mke?"

"Waliachana."

"Basi hana nguruwe wala mke, halafu amekuja kutufundisha kuelewana!"

Ukumbi ukacheka. Binti Pei alitafsiri kwa adabu, akifupisha sana, na yule mrefu akacheka kuliko wote, ikawapasa wamsamehe.

Dada wa marehemu alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Aliitwa Verna Tolliver. Alikuwa bibi mwembamba mwenye viatu vya mwanamume na mashine ya kusikilizia katika sikio moja. Zamu yake ilipofika alisimama.

"Ndugu yangu Merle amelala kwenu," alisema, na binti Pei akafuata nyuma yake taratibu. "Mama yangu alimwekea jiwe kando ya kaburi lake mwenyewe. Lina jina, lakini chini yake hamna kitu. Nimekuja kuwashukuru, na kuwaomba mnipe nikamzike."

Watu wote walimgeukia Caiyun. Katibu Tian alimkazia macho, maana walikuwa wameshazungumza. Alikuwa amemwambia: asitaje jogoo, asitaje bibi arusi wa karatasi, wageni wasije wakadhani Yanwan bado inaishi na mizimu.

Caiyun akainuka na birika.

"Dada yangu ametoka mbali, na benchi hilo lina kunguni," alisema. "Aje akae huku kwenye kiti."

Akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye kile kiti kitupu kilichokuwa upande wa kulia wa madhabahu. Minong'ono ikakatika. Kila mtu aliyezaliwa Yanwan alikijua kiti hicho, na hakuna aliyewahi kuthubutu kukikalia, hata paka.

"Bibi Caiyun," Katibu alisema akiwa ameuma meno, "wageni wameshapewa chai."

"Hawajapewa hii."

Ilikuwa chai ya tangawizi na chumvi kidogo. Caiyun alipiga magoti, na magoti yake yakalia kama mlango mbovu. Akainua kikombe kwa mikono miwili. Verna alibabaika, akajaribu kumwinua, akashindwa, na kwa kuwa alikuwa mwanamke aliyelelewa vizuri alikipokea, akanywa. Akakunja uso. Akanywa mpaka mwisho.

Mtu nyuma akanong'ona, "Ameinywa."

Caiyun alisimama akiwa na furaha ya mwizi aliyeiba na kutokea mlango wa mbele. Sasa Merle Tolliver hakuwa maiti ya kigeni tena. Alikuwa mume wa mtu, na ukoo wake umekiri. Nani atamnyang'anya mke mume wake?

"Mwambie," alimwambia binti Pei, "kwamba ndugu yake ana mke. Na mwambie yeye mwenyewe ni wifi, na wifi ameshakunywa chai."

Binti Pei alimtazama Katibu. Katibu aliutazama ukuta.

"Haya ni mambo ya kale," alisema Katibu. "Si lazima kutafsiri."

"Katibu, mama yako ndiye aliyemshika jogoo!" sauti ya mzee ikasikika kutoka pembeni.

Binti Pei akatafsiri. Alitafsiri yote, homa, ndege, mluzi, mtungi, mpaka uchafu wa jogoo. Wamarekani wengine walianza kutabasamu, halafu wakamwona Verna, wakaacha. Alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono yote miwili.

"Mluzi gani?" aliuliza.

Caiyun hakujua kupiga mluzi, meno ya mbele yalishamtoka. Akauimba kwa pua, ukipanda, ukipanda, na ukakatika.

Verna akaumalizia.

Hakuumaliza vizuri, sauti yake ilikuwa kavu. Lakini kile kipande ambacho Yanwan haikuwahi kukisikia kilitoka, kikazunguka chini ya paa, na wazee waliokuwa hai wakati wa vita wakashikana mikono.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa anaita ng'ombe," Verna alisema. "Tulipopata habari kwamba amekufa, baba alianza kuusikia mluzi huo nyuma ya zizi kila jioni. Sote tuliusikia, na hakuna aliyethubutu kuutaja mezani. Halafu ukakoma. Mama alilia siku ulipokoma kuliko siku ya habari yenyewe. Alisema, Merle ametusahau."

"Hakuwasahau," alisema Caiyun. "Alikuwa ameoa."

Watu walicheka, wengine huku wanafuta macho. Verna naye alicheka, na kicheko chake kilipoisha akauliza swali moja. Binti Pei alilisikiliza, akasita.

"Anauliza, kwenu, wakwe wakishakunywa chai, bibi arusi anakaa wapi?"

Hapo Caiyun aliweka birika chini.

Mtego alikuwa ameutega vizuri, kisha akatumbukia humo mwenyewe. Angeweza kusema, anakaa kwao. Angeweza kusema, hapa kwetu mume ndiye anayehamia. Binti Pei angetafsiri uongo huo bila kujua. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamsikiliza, na si walio hai peke yao. Kutoka ng'ambo ya uwanja, mchana kweupe, katika ile mvua, ilisikika: taka-tum.

"Anakaa kwa mume," Caiyun alisema. "Kwa wakwe zake. Popote walipo."

Verna aliitikia kwa kichwa taratibu. "Na yeye, aliulizwa?"

"Nani?"

"Bibi arusi."

Bwana arusi aliulizwa, hilo walilikumbuka wote: mbao za ramli zilirushwa, akakubali. Sanmei hakuulizwa. Msichana haulizwi.

Caiyun alitia mkono mfukoni, akatoa mbao alizowapigia wanakijiji ramli, vipande viwili vya mzizi wa mwanzi vyenye umbo la figo, tumbo bapa, mgongo wa mviringo. Mkono wake mwenyewe haukuaminika. Ulijua kupinda kifundo mbao ziangukie anavyotaka, na kwa njia hiyo ulishaamua ndoa na safari za watu wengi. Akampa Verna.

"Muulize wewe. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, amekubali. Vikilala kifudifudi vyote, amekataa."

Katibu Tian alifunika uso, ila aliacha nafasi kati ya vidole.

Verna aliinama kwenye sakafu ya mawe. "Sanmei," aliita, akilivunja jina lile vibaya, halafu akasema kwa lugha yake, na binti Pei akanong'ona: "Mimi ni dada yake. Sina nyumba kubwa, nakaa kwa mwanangu, juu ya gereji. Kuna upepo mwingi. Unataka kuja?"

Akarusha. Vyote viwili vikalala chali.

"Anacheka," alisema Caiyun. "Vikiwa hivyo ujue anacheka. Rusha tena."

Verna akarusha tena. Kimoja kikalala chali. Kingine kikazunguka, kikazunguka, kikasogea mpaka kwenye kiatu cha Katibu, ambaye alirudisha mguu kama aliyeguswa na nyoka, kikaanguka kifudifudi.

Sanmei, ambaye katika maisha yake yote hakuvuka soko la wilaya, alikuwa anataka kwenda Nebraska.

*

Wenye mamlaka wa huku na wa kule walichukua muda wao, kama kawaida yao. Baadaye mtungi ukafungwa kwa kitambaa chekundu, ukashushwa mlimani. Caiyun alitembea nyuma yake mpaka barabara ya lami, akimtaja shangazi kila kivuko na kila kona asije akapotea njia. Garini aliweka chumvi, tangawizi, na ule ubao wa kubania nyuzi, alioung'oa kwenye mtambo kwa nyundo.

Aliporudi nyumba ilikuwa kimya. Kiapo alikitimiza, Sanmei hakuachwa peke yake. Aliyeachwa alikuwa mwingine. Jua lilipoelekea kuzama alikaa karibu na mtambo uliong'oka meno, akasubiri, na pilipili hazikumwagika. Siku nyingine tena hazikumwagika. Caiyun akaanza kuzimwaga mwenyewe na kuziokota, akinung'unika.

Majira ya baridi Katibu Tian alikuja mbio na simu yake. Ndani yake alikuwa binti Pei, na nyuma ya binti Pei, kwa mbali, sauti kavu ya Verna.

"Anasema tangu mazishi, ukuta wa chumba chake unagonga kila jioni," alisema binti Pei. "Mwanawe ameleta fundi bomba. Fundi amevunja ukuta, hakuona kitu, akaondoka. Jana fundi alikataa kurudi."

Caiyun alikaa kwenye kizingiti polepole.

"Unagongaje?"

Binti Pei aliuliza. Upepo wa kule ukavuma ndani ya simu. Halafu Verna akagonga kitu, meza labda, kwa kifundo cha kidole. Taka-tum. Kimya. Taka-tum.

"Anauliza, anataka nini?"

Caiyun alifuta uso kwa aproni, akasogeza simu karibu na mdomo, akapaza sauti ili hata aliye ukutani asikie.

"Mwambie wifi ampe viazi vitamu vya kuchoma, avimenye. Na asianike kitu chochote karibu."