Papa Aliyerudi Ijumbi Kuzaa

Asubuhi hiyo Dativa aliteremka kisimani na dumu lake la njano, akamkuta papa anazunguka majini. Kisima chenyewe ni kidimbwi cha chemchemi mwisho wa kibanja cha marehemu baba yake, huko Ijumbi. Maji yake humfika mtu mzima mapajani na pembeni yamezungukwa na mafunjo. Papa alikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la sita, rangi ya kahawia iliyopauka, na kila pezi lake lilikuwa na ncha nyeusi kana kwamba lilichovywa kwenye masizi. Aliogelea polepole bila kusimama, kwa sababu papa wa aina hiyo akisimama maji hayapiti vizuri kwenye matamvua yake, akakosa pumzi. Dativa, ambaye mimba yake ya miezi saba ilimlazimisha kusimama kila baada ya hatua chache, alimtazama kwa wivu kidogo. Kisha akachota maji upande wa pili ili asimsumbue.

“Mama, kuna papa kisimani,” alisema alipofika jikoni.

Vestina, mama yake, alikuwa anamenya ndizi. “Ana pengo kwenye pezi la mgongoni?”

“Analo.”

“Basi ni yule binti. Amerudi kuzaa.” Akachukua ndizi nyingine.

Papa wa ncha nyeusi ni wa pwani. Hukaa kwenye maji mafupi juu ya matumbawe, na Ijumbi iko mbali na bahari kuliko safari yoyote ambayo watu wengi wa Ijumbi wamewahi kusafiri. Hata kijito kinachotoka kisimani kuelekea Ziwa Victoria ni cha kuruka bila kupandisha sketi. Lakini majike wa papa hawa wana tabia wasiyoiacha: siku zao zikikaribia huondoka kwenye malisho yao na kufunga safari hadi kwenye maji yale yale walikozaliwa, wakazalia hapo. Mama wa huyu naye alizalia Ijumbi, mwaka ambao Dativa alianza shule. Alipitia wapi, hakuna aliyemuuliza, maana ilionekana ni utovu wa adabu kumhoji mama mjamzito habari za njia.

Mwaka huo baba yake Dativa, mzee Lwakatare, alikuwa anakata nyasi za kutandika nyumbani pale ukingoni. Panga likateleza, likachukua kipande cha pezi la kitoto kimoja. Lwakatare alimwomba radhi, akampaka majivu, na tangu siku hiyo hadi kitoto kilipoondoka hakukata tena nyasi upande ule.

Sasa Lwakatare amefariki, na Dativa ndiye mtoto wake wa pekee. Alikuwa amerudi kutoka Bukoba mjini, alikokuwa anashona nguo, baada ya mwanamume aliyempa mimba kuhamia visiwani na simu yake kutopatikana tena. Alichokitaka ni kimoja, na alimwambia mama yake bila kuzunguka: azae hapa, amlee mtoto hapa, katikati ya migomba aliyoipalilia tangu alipojua kushika jembe, naye amtunze mama yake uzeeni. Alipapenda kwao kwa mapenzi ya kuumiza, yale yanayomfanya mtu asimame mlangoni asubuhi na kusahau alichokuwa anakwenda kufanya.

Lakini kibanja cha ukoo, kwa desturi, hurithiwa na mwanamume. Musika, yaani mrithi, alikwisha kutajwa siku ya kumaliza matanga: Buberwa, mtoto wa baba mdogo wa Dativa. Buberwa ni mtu mpole. Hakumfukuza yeyote. Alikuwa tu ameanza kuja na kisu chake kupunguza majani makavu ya migomba, akianzia upande wa barabarani, na kila akimaliza mstari mmoja alibisha hodi kuwasalimia.

Jioni Dativa alikwenda kukaa ukingoni, miguu ndani ya maji. Papa alikuwa ameacha kula. Jike anayekaribia kuzaa hupoteza hamu ya chakula, na hiyo ndiyo salama ya watoto wake, maana papa mwenye njaa hachagui. Samaki wadogo wa kisimani walilitambua hilo upesi, wakawa wanapita mbele ya mdomo wake bila haraka. Dativa naye alikuwa hali kitu ila udongo wa kichuguu. Puani papa ana vitundu vidogo ambavyo humwezesha kuhisi moyo wa kiumbe mwingine unavyodunda, hata kama kiumbe huyo amejificha mchangani. Alipofika mbele ya Dativa alikuwa anapunguza mwendo. Mioyo ilikuwa miwili, naye aliipita taratibu, kama mtu anayepita nje ya nyumba yenye mtoto aliyelala. Jioni moja Dativa alimshika mgongoni, akakuta ngozi yake inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, akalia kidogo, akaona nafuu.

Jumapili, baada ya misa ya pili, ukoo ulikutana pale pale ukingoni. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mutembei, mkubwa kuliko wote, na shangazi Jovina alikuwa amekuja kutoka Kagoma, alikoolewa. Kulikuwa na mambo mawili ya kuzungumza.

“Tuanze na mgeni,” alisema Mzee Mutembei. “Huyu ni wa nani?”

“Alizaliwa hapa,” alijibu Vestina. “Marehemu mwenyewe ndiye aliyemkata pezi.”

“Na kitovu chake?”

Swali lilikuwa la haki. Papa wa ncha nyeusi hawatagi mayai. Mtoto hukaa tumboni kwa mama yake karibu mwaka mzima, akilishwa na kondo kupitia kitovu, kama binadamu tu.

“Kilikatikia humu humu,” alisema Vestina. “Kimo kwenye tope hili.”

Wazee walitazamana, wakaridhika. Kitovu cha mtu kilipo ndipo kwao.

“Basi ni binti yetu,” alisema Mzee Mutembei. “Atandikiwe nyasi, azae kwa amani. Na dume litakalozaliwa ndilo litakalokuwa musika wa kisima. Majike watakitumia kwa ruhusa ya ndugu yao.”

Hakuna aliyepinga. Vijana walitandika nyasi mbichi ukingo mzima, hadi ndani ya maji kidogo, na papa akapita juu yake mara mbili.

Kisha ikaja zamu ya Dativa. Alisimama, mgongo ukamuuma, akaketi.

“Babu, na mimi kitovu changu kiko kwenye mgomba ule pale. Tata, baba yangu mwenyewe, alikizika kwa mkono wake.”

“Hilo hakuna anayelibishia, mjukuu wangu.” Mzee Mutembei alisema hivyo kwa upole wa kweli. “Ndiyo maana tunasema uzalie hapa. Kuku wa uzazi tutaleta sisi. Mtoto akishapata nguvu, mtakwenda.”

“Tutakwenda wapi?”

“Kwenu,” alisema shangazi Jovina. Neno hilo yeye mwenyewe aliambiwa akiwa Ijumbi, likimaanisha Kagoma, na aliambiwa tena akiwa Kagoma, likimaanisha Ijumbi. Alimvuta Dativa, akamwegemeza begani kwake. “Utazoea, waitu, mwanangu. Sote tulizoea.”

Dativa alifahamu kwamba mjini kuna mahakama, na kwamba sheria ingemsikiliza. Alifahamu pia kwamba angeshinda kesi, kisha angeishi kati ya watu wanaovuka njia wakimwona. Watu hao aliwapenda wote, Buberwa akiwemo, na kwa hiyo mahakamani hakwenda.

Papa alizaa wiki iliyofuata, asubuhi ya ukungu. Watoto walitoka wanne, mkia ukitangulia, kila mmoja akiwa na urefu wa kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, na katikati ya mapezi ya mbele kila mmoja alikuwa na tundu dogo bichi la kitovu. Mama yao alizunguka mara moja, akaingia kwenye kijito, akaenda zake. Papa hawalei. Mtoto anazaliwa na meno yake na akili zake, na jambo la heri ambalo mama anaweza kumfanyia ni kuondoka kabla njaa haijarudi. Vestina alisimama ukingoni akimtazama hadi alipopotea kwenye kona.

Siku chache baadaye Mzee Mutembei alitaka kujua dume ni yupi. Dativa aliingia majini, kwa kuwa vitoto vilikuwa vimemzoea, akawageuza mmoja mmoja chali kwenye viganja vyake. Papa akigeuzwa chali hutulia kama aliyepitiwa na usingizi. Dume hutambulika kwa vishikilio viwili karibu na mapezi ya chini ya tumbo, na aliyekuwa navyo ni mmoja tu. Dativa akamwinua kidogo, wazee wamwone.

“Huyu ataitwa Lwakatare,” alisema Mzee Mutembei.

Dativa aliendelea kumshika mpaka jina la baba yake lilipomalizika kutamkwa na baraka kutolewa. Alikuwa mzito kidogo kuliko alivyotarajia. Kisha akamgeuza, akamwachia.

Naye Dativa alijifungua salama mwezi wa tisa wa mimba yake, mtoto wa kike, akamwita Theopista. Kuku waliletwa kama walivyoahidiwa, na Buberwa mwenyewe alileta wawili. Kitovu cha mtoto kilipodondoka, vitovu vya papa navyo vilikuwa vinafunga na kubaki mstari mwembamba. Kukizika mgombani haikuwezekana, maana mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na baba hakujulikana yuko kisiwa gani. Vestina alikifunga kwenye jani la mgomba, akateremka nacho kisimani, akakisukuma ndani ya tope chini ya mafunjo.

“Tope hili liliwatosha wale papa,” alisema. Hakumuuliza mzee yeyote.

Lwakatare mdogo aliondoka kabla ya dada zake. Madume wa papa hawa huzurura, na mahali walipozaliwa hapawaiti. Alishuka na kijito siku ya mvua, hakurudi tena. Kisima kilibaki chake. Kila Jumamosi Buberwa alikuja kukifyeka pembeni kwa niaba yake. Majike watatu walikaa muda mrefu kwenye maji ya magotini, wakiwa karibu karibu, hadi miili ilipokomaa kwa safari.

Theopista alipopata nguvu, Dativa alipanga chumba Kagondo, nje ya Ijumbi, akarudia cherehani. Vestina, ambaye desturi ilimruhusu kuishi kwenye kibanja hadi kufa kwake, alifunga mlango, akampa Buberwa ufunguo, akambeba mjukuu mgongoni.

“Papa anaweza kumwacha mwanawe,” alimwambia Dativa njiani. “Mimi sikujaliwa hivyo.”

Theopista alipofika darasa la tatu, habari zilifika Kagondo kwamba wale majike watatu wamerudi, matumbo yamejaa. Ukoo ulikuwa umewatandikia nyasi. Kabla ya hapo Mzee Mutembei, ambaye sasa haoni vizuri, alisimama ukingoni kumwomba Lwakatare mdogo ruhusa ya dada zake kuzaa, na aliposikia kimya akasema musika amekubali. Dativa alikwenda Krismasi hiyo na mama yake na mtoto. Theopista aliingia majini na gauni lake, bila kuuliza maji ni ya nani. Majike walimzunguka wakipunguza mwendo, naye akawa anacheka kwa sauti ndogo kila ngozi zao zilipomkwaruza miguu.

Buberwa alitoka kuwapokea. Nyumba alikuwa ameipaka rangi, na mke wake alikuwa anapakua ndizi na maharage. Alifurahi kuwaona, na furaha yake haikuwa ya uongo. Alimshika Dativa mikono yote miwili.

“Karibu sana, dada. Jisikie uko nyumbani.”

Dativa alishukuru, akamuuliza wageni wanaweka mizigo yao wapi.