Kiondo cha Mama Mkwe

Kanisani kwao Chepsaita, Hulda alipenda kujisifu kwamba wokovu umemwondolea mila zote za Kibukusu, hata ile inayomkataza mkwe kumkaribia au kumgusa mama mkwe. Mkwe ni mtoto tu, alisema, na kumkwepa ni ushamba. Kwa hiyo alipotoka nyumbani kumwona binti yake Nelima aliyejifungua huko Langas, Eldoret, alikataa katakata kukaa nyuma ya Landrova. Kiti cha dirishani kilikuwa na mkebe wa maziwa, basi akajibana katikati, vijiti vya gia, kimoja cha kichwa cha manjano na kingine chekundu, mbele ya magoti yake, akaegemeza juu yavyo kiondo cha viazi vitamu. Wanyonyi, mkwewe na dereva wa Mzee Kiprotich mwenye gari, alijisogeza mlangoni karibu atoke nje.

Kwenye murram, barabara ya udongo, gari lilikwenda sawa. Mjini Turbo, Wanyonyi alishuka kidogo kuongezea gari maji. Walipoingia lami, mambo yakageuka. Kila kona gari lilisita kisha likaruka, usukani ukawa mzito, tairi zikalia. Wanyonyi alitupia kiondo jicho, akaliondoa upesi. Hulda aliliona jicho hilo, akaamua ni la mlevi.

Mjini Eldoret, Mzee Kiprotich alikuwa akingoja nje ya duka la spea. Hulda hakusubiri hata injini izimwe.

"Mzee, huyu kijana amekunywa. Alishuka Turbo, na tangu hapo gari inarukaruka. Hebu mnuse mdomo."

Watu walisogea kutazama, wengine wakicheka. Wanyonyi alifungua mdomo mbele ya mama mkwe wake, Mzee akanusa. Hapakuwa na harufu yoyote. Mzee akapanda mwenyewe, akazungusha gari uwanjani, akasimama ghafla na kusogeza kiondo.

"Foo-wili imeingia, magurudumu yote manne yanavuta. Kwa lami magurudumu ya mbele na ya nyuma yanashindana. Mnataka kunivunjia giaboksi? Nani alibonyeza hii ya manjano?"

"Ni mimi, Mzee," Wanyonyi alisema. "Nilisahau."

"Dereva wa kusahau sina kazi naye. Kesho utoe vitu vyako kwa nyumba yangu."

Hulda alijua mkono wa Wanyonyi haukukaribia gia ile yenye kichwa cha manjano safari nzima. Kilichoikalia ni kiondo.

"Mzee, si yeye. Ni kiondo changu." Akamgeukia mkwewe. "Mbona hukuniambia?"

Wanyonyi alijibu akiangalia tairi. "Mama, mkono ningeupitisha wapi?"

Waliokuwa wakicheka walianza kutawanyika. Hulda hakujua aweke wapi uso wake. Ni yeye aliyemwita Wanyonyi mtoto, na ni yeye aliyetaka anuswe hadharani.

Mzee alivuta gia nyekundu nyuma, akairudisha ili foo-wili itoke, kisha akamkabidhi Wanyonyi usukani. Hulda alichukua kiondo chake, akapanda nyuma, akaketi juu ya magunia ya mbolea. Wanyonyi alimfungia mlango akiwa ametazama pembeni.

Gari lilikwenda laini hadi Langas. Hulda alitamani liruke, hata mara moja tu, ili kosa lisiwe la kiondo chake.