Taya la Kitheka

Saa mbili asubuhi Kitheka alifagia maranda chini ya kigoda chake, akachukua kinyago cha twiga ambacho hakuwa amemaliza kukichonga miguu, kisha akabandika ulimi kwenye kaakaa. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba anayekaa hivyo, midomo imefungwa, hupata taya la kupendeza. Kitheka alikuwa na miaka thelathini na minane na kidevu kilichoishia haraka. Alimtaka Mutheu, aliyekaa hatua mbili kutoka kwake akipaka vinyago polishi ya viatu, na aliamini kidevu ndicho kilichomchelewesha kuoa.

Kwa hivyo akaacha kuongea. Mutheu alipomuuliza, kama alivyozoea kwa miaka sita, ikiwa mvua imefika kwao, alijibu kwa nyusi.

Wiki ya tatu taya likatokea. Lilikuwa la mbao. Wachongaji wenzake hapo Wamunyu waliweka tezo chini, wakaligonga kwa ukucha, wakabishana kidogo.

"Hii si mpingo," alisema Mbithi, mwenyekiti wa karakana. "Ni jakaranda, na haijakauka. Usikae kwa jua, utapasuka."

Wakarudi kazini. Mutheu akampiga msasa, akampaka polishi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kitheka alikuwa amependeza kweli, na alifurahi sana. Wanunuzi walipiga picha naye. Hakuna aliyemsemesha tena.

Mwezi wa nane Mutheu alikuja na begi. Kiragu, mwenye duka la nguo kule Kangundo, alikuwa amemposa, na wazee walikuwa wameshapokea mbuzi. Siku hiyo alimpaka Kitheka polepole kuliko kawaida.

"Huyo Kiragu hata si wa sura," alisema. "Lakini anaongea na mimi. Wewe nimekungoja, Kitheka. Sema neno moja tu, hata saa hii, nirudishe hii begi nyumbani."

Kitheka alijaribu. Ulimi ulikuwa umeshikana na kaakaa, mbao kwa mbao, bila hata alama ya gundi.

Mutheu alingoja mpaka polishi ikakauka, akafuta mikono, akaenda zake.

Kitheka alilia wiki nzima. Mbithi alimwomba apunguze, maana maji huharibu jakaranda. Ndanu, aliyeletwa kushika nafasi ya Mutheu, alilazimika kumpaka upya kila asubuhi. Hakumuuliza analilia nini.